Kijana Aliyesoma kwa Masikio

Kisa hiki ni cha kutunga, na mhusika wake sijampa jina kwa kuwa madarasa yetu yana wengi wa namna yake. Lakini mahali ni pa kweli, na mambo yaliyomzunguka ni ya nchi hii hii. Mzazi au mwalimu atakayekisoma asikimbilie mwisho. Aangalie ni nani waliopata nafasi ya kumwokoa mtoto huyu, na kila mmoja aliona nini badala ya kuona shida yenyewe.

Alizaliwa upande wa Liganga, wilayani Ludewa, chini ya vilima vinavyokadiriwa kuwa na tani milioni 126 za chuma. Nyumbani walizungumza Kipangwa. Alikuwa mtoto wa mikono: kabla hajaanza shule alikwisha kuunda gari la waya lenye usukani unaogeuza matairi kweli kweli, na redio ya babu yake ikinyamaza, yeye ndiye aliyejua ni waya upi umeachia. Wazee wakasema huyu ni injinia, mgodi ukifunguliwa atakuwa wa kwanza kuitwa kazini.

Mwaka 2008 akaanza darasa la kwanza. Wanafunzi walikuwa wengi, dawati moja wanabanana wanne. Mwalimu akigusa ubao kwa fimbo, "ba, be, bi, bo, bu," darasa zima linaitikia, na sauti ya mtoto huyu ilitangulia za wenzake. Kunakili ubaoni pia hakukumshinda, kwa sababu kunakili ni kuchora, na kuchora alikujua. Mambo yaliharibika pale tu alipoonyeshwa herufi moja, peke yake, bila mtu wa kumtangulia. Herufi b na d zilibadilishana mbele ya macho yake. "Mbwa" alimwandika "bwa", "ng'ombe" akawa "nobe". Silabi aliyoijua jana, leo aliitazama kana kwamba hawajawahi kukutana.

Basi akafanya kile ambacho mtoto mwerevu hufanya akibanwa: akatafuta njia ya kupita pembeni. Alijipanga kukaa karibu na msichana aliyesoma vizuri, akawa anasikiliza. Hadithi ya kitabuni akiisikia mara mbili, mara ya tatu anaitoa yote, na kidole kinatembea juu ya mistari kama cha msomaji.

Siku moja, akiwa darasa la tatu, mwalimu alimsimamisha asome. Akasoma bila kukwama. Walipofika mwisho wa ukurasa, mwalimu akafunua, kumbe karatasi mbili zilikuwa zimegandana, zikafunuka pamoja. Mtoto hakushtuka. Aliendelea na ukurasa uliorukwa, neno kwa neno, mdomo ukisimulia habari za mto huku kidole kikiwa juu ya picha ya mbuzi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akadhani anafanyiwa mzaha, akamchapa.

Hapo ndipo ilipopotea nafasi ya kwanza. Mwalimu yule alikuwa ameonyeshwa, mchana kweupe, kwamba mtoto huyu ana kumbukumbu ya ajabu na hasomi kabisa. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtoto mmoja, mwalimu anapaswa kusimama na kujiuliza. Lakini darasa lilikuwa kubwa, muda ulikuwa mfupi, na jibu la karibu lilikuwa fimboni.

Nafasi ya pili ilikuwa ya mama. Mama aliona mwanawe anaumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya imla, na jioni yu mzima anacheza mpira. Akampeleka kupimwa macho, akaambiwa macho hayana neno. Shangazi mtu akasema macho yakiwa mazima na masomo yakagoma, basi kuna mkono wa mtu. Mbuzi mmoja akauzwa, mganga akalipwa, mtoto akachanjwa. Imla ikabaki vilevile. Baba yeye hakuwa na maneno mengi: "Mvivu tu huyo. Mbona redio anazijua?"

Swali la baba lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba ile, ila hakulitafutia jibu. Kwa nini mtoto anayeijua redio asijue herufi?

Jibu lilikwisha kuandikwa zaidi ya miaka 100 nyuma. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la kitabibu la nchini kwake habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, hodari wa michezo, aliyefundishwa kwa miaka na bado akashindwa kusoma. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yangetolewa kwa mdomo tu, mvulana huyo angewashinda wote shuleni. Hali hiyo leo inaitwa disleksia. Si ugonjwa wa macho, si upungufu wa akili, wala haitokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyopata taabu kuzitenganisha sauti za neno na kuziunganisha na herufi zake. Mara nyingi hurithiwa, na makadirio yanayotumika sana duniani huiweka kati ya watu 5 na 10 katika kila 100. Kwa kiwango hicho, darasa la watoto 80 lina uwezekano wa kuwa nao wanne mpaka wanane.

Wapo wanaodhani balaa hili ni la Waingereza, ambao lugha yao huandikwa hivi na kutamkwa vile. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, wanasema, atakayeshindwa amependa. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha yenye tahajia iliyonyooka hivi si kazi nyepesi kwa mtoto anayejifunza kuiandika. Fikiria "mb", "nd", "ng'", "mw", halafu neno refu kama "wanaotufundisha", lenye sentensi nzima ndani yake. Mwenye disleksia katika lugha kama yetu huweza hatimaye kuyasoma maneno kwa usahihi, lakini polepole, kwa jasho, na tahajia yake hubaki na mapengo. Ndiyo maana hapa kwetu hupita bila kutambuliwa: anaonekana mzito, haonekani mwenye tatizo.

Na lipo jambo jingine linalomficha. Taasisi ya Uwezo ilipoanza kuwapima watoto majumbani mwaka 2010, ilikuta kwamba takriban mtoto mmoja tu katika kila watatu wa darasa la tatu ndiye aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wengi wa wale waliobaki hawakuwa na disleksia. Hawakufundishwa vya kutosha, au vitabu havikuwepo, au Kiswahili chenyewe kilikuwa kigeni kwao. Lakini penye wengi wasiosoma, anayehitaji njia nyingine ya kufundishwa hajulikani. Mwalimu wa kijana wetu alisema ni Kipangwa kinamsumbua, na kwa watoto kumi wa darasa lile alikuwa sahihi. Kwa huyu alikosea, na hapakuwa na kipimo cha kumwonyesha tofauti.

Madarasa yakasogea, na mtoto akasogezwa nayo. Imla ilichapiwa kila kosa kiboko kimoja, na yeye makosa yake hayakuwahi kupungua kumi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kukosea kuandika "ng'ombe" si utovu wa nidhamu hata kidogo. Wenzake wakamwita kilaza. Akajifunza kuwa mchekeshaji, maana mtoto anayechekesha haulizwi maswali ya ubaoni.

Mwaka 2014 akafanya mtihani wa darasa la saba. Ulikuwa wa kuchagua jibu na kusiliba. Hesabu alizifanya kichwani pale namba zilipokuwa wazi, kwingine alibahatisha, akafaulu. Asishangae mtu. Miaka miwili nyuma serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Nchi ilitikisika. Katika mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukafumuliwa ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa jambo jema, ila lilimkuta kijana wetu yuko kidato cha kwanza, masomo yote kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazina hata huruma ya kutamkwa zilivyo.

Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Kwa hiyo hakuna atakayesema umaskini ndio uliomtoa shuleni. Mwisho wa mwaka huo alishindwa mtihani wa kidato cha pili, akaambiwa arudie. Asubuhi moja akapanda gari la mbao akashukia Makambako.

Mjini pale, ambapo barabara ya Songea inakutana na ile iendayo Mbeya na reli ya TAZARA inapita, mbao ndiyo kazi. Alianza kupakia malori, akaishia kuwa mkono wa kulia wa tajiri wake. Mzigo wa msindano uliorundikwa aliutazama akataja idadi ya mbili kwa nne na moja kwa nane, na wakihesabu wanakuta ndivyo. Oda zikija kwa maandishi alimwita kijana mwenzake: "Nisomee bwana, mikono yangu ina vumbi." Vumbi hilo lilimsitiri miaka saba. Siku mwenzake hayupo, aliisoma 6 kuwa 9, lori likaenda Dodoma na mbao zisizotakiwa. Akalipa hasara kwenye mshahara, bila kueleza.

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwalipa fidia wananchi waliopisha miradi ya madini ya Liganga na Mchuchuma, fedha walizozisubiri kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Akamwambia, "Mwanangu, shule ilikukataa, lakini wewe hujaikataa kazi," akamnunulia pikipiki. Kijana akaamua kufanya biashara yake mwenyewe ya mbao, na mtaji wa kuongezea akautafuta kwa wakopeshaji wa riba kali, mikopo iitwayo kausha damu.

Mkopeshaji hakumdanganya. Alimpa karatasi mbili zilizochapwa, akamwambia, "Soma kwanza kijana, usije ukasema hukuambiwa." Kijana akazishika karatasi. Macho yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka mstari kwa mstari. Akafunua kwa wakati wake. Mahali pamoja alikunja uso, kama mtu aliyekutana na kifungu kizito, kisha akatikisa kichwa kuridhika. "Iko sawa," akasema, akatia saini. Saini yake ilikuwa nzuri, maana aliifanyia mazoezi tangu darasa la tano.

Karatasi ilisema riba inahesabiwa kwa wiki, naye alidhani ni kwa mwezi. Ilisema pia akichelewa siku 14 pikipiki inakuwa mali ya mkopeshaji. Haikufika miezi miwili, pikipiki ikachukuliwa mbele ya nyumba aliyopanga. Mama akasafiri kutoka Ludewa, wakaenda kwa mtendaji.

"Shikamoo mtendaji."

"Marahaba mama, karibuni. Kijana, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Mama akamtazama mwanawe. Neno moja tu lilitakiwa pale. Kama angesema sikusoma kwa sababu siwezi, huenda yangezungumzwa mengine. Kijana akajibu, "Nilisoma." Shauri likaishia hapo. Aliona afadhali apoteze pikipiki kuliko watu wanne waliomo chumbani wajue kwamba hajui kusoma.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini tuwe waadilifu katika kuigawa lawama. Mtoto huyu hakuzaliwa na tabia ya kuficha, tulimfundisha. Siku kumbukumbu yake ilipoonekana alichapwa. Alipougua tumbo kwa hofu alichanjwa, na alipokosea imla aliitwa kilaza. Miaka yote hiyo somo alilolishika barabara ni kwamba kutojua kusoma ni aibu kubwa kuliko hasara yoyote. Na akili zake nyingi ndizo zilizomchelewesha kugundulika, kwa kuwa mtoto wa akili ndogo hushindwa wazi wazi akaonekana.

Sasa dada yake kijana huyu ameolewa Njombe mjini, na binti yake yuko darasa la pili. Naye alianza vilevile: anaimba silabi, hazisomi. Mwalimu wake si bingwa wa elimu maalumu. Hajasoma Patandi, chuo cha Arusha kinachoandaa walimu wa kada hiyo. Alichofanya ni kumwita kila mtoto mezani peke yake na kumpa aya fupi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Binti akakwama kwenye mstari wa kwanza. Mwalimu hakugombeza. Alimwita mama, akamuuliza jambo moja: "Katika ukoo wenu yupo aliyepata taabu kama hii?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka yangu."

Kuanzia hapo binti akapelekwa kwanza kupimwa masikio na macho, ili yaondolewe kwenye hesabu. Kisha kila siku, kwa dakika chache, anafundishwa sauti moja moja. Anapiga makofi kwa kila silabi ya neno, anaandika herufi kwa kidole kwenye mchanga huku akiitamka, na hasogezwi kwenye sauti ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Hasimamishwi kusoma mbele ya darasa ghafla. Kwenye sayansi anajibu kwa mdomo, na tahajia haimkatii alama. Hajawa msomaji wa haraka. Lakini akikwama anasema, "Mwalimu, hapa sijaweza," maneno ambayo mjomba wake hajawahi kuyatamka.

Hilo ndilo funzo, na halihitaji fedha za mgodi. Mwalimu wa darasa la kwanza hadi la nne, msikilize kila mtoto peke yake, angalau mara mbili kwa muhula, kwa maandishi mageni kwake. Kubadilisha b na d katika darasa la kwanza ni kawaida ya wengi, usimhukumu mtoto kwa hilo tu. Hali ikiendelea baada ya darasa la pili ilhali amefundishwa na wenzake wamesonga, hapo kuna jambo. Ukitaka kujua kama ni lugha ya nyumbani inayomsumbua, mwombe atenganishe sauti za neno la lugha hiyo hiyo ya nyumbani. Akikwama na huko, shida si Kiswahili.

Mzazi, usiuze mbuzi. Nenda shuleni useme unachokiona nyumbani, na useme mapema. Huko Kitengela, Kenya, wazazi wa watoto wa namna hii hawakukaa kimya, wakaanzisha shule iitwayo Rare Gem Talent School. Si kila mzazi ataweza kujenga shule, lakini kila mzazi anaweza kumwambia mwalimu ukweli.

Na kwa wenye mamlaka: utaratibu wa mitihani ya taifa unawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Makundi yanayotajwa kila mwaka kwa kawaida ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mtoto mwenye disleksia naye atajwe kwa jina katika orodha hiyo, na mwalimu mmoja wa kila kata afunzwe kumtambua. Nchi iliyojua kupima tani za chuma zilizolala chini ya Liganga haiwezi kudai kwamba imeshindwa kumpima mtoto anayekaa dawati la mbele.